Mtoto Niliyembeba Kichwani

Tulikuwa tumeshapita lambo la pili nilipoanza kumlilia mtoto ambaye sikumzaa.

Danstan, fundi wa shirika letu, ndiye aliyekuwa akiendesha. Hakushangaa, alikuwa amenizoea. Alinisogezea kitambaa bila kuondoa macho barabarani.

"Mzigo umekaa, mzee?"

"Umekaa."

"Mzito?"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa nyuma ya mgongo, imemshika mtu asiyekuwepo: mtoto wa kike wa miaka minne, anaungua kwa homa, pumzi yake inanichoma shingoni. Nje kulikuwa na mashamba ya uwele na mchana mweupe. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa zahanati ya mashine ya Kata ya Ihembe. Zahanati hizo hazina muuguzi. Unaweka kiganja ukutani, mlango unafunguka, ndani mashine inakupima na kukutolea dawa. Mama yule alifika asubuhi na mtoto mgongoni, akaweka kiganja. Mlango ukasema kwa sauti tamu kama ya mtu wa redio, "Samahani. Kiganja hiki ni cha Kata ya Nzogole. Tafadhali nenda kwenye zahanati ya kata yako." Nzogole ni kwao alikozaliwa, mwendo wa saa tano kwa miguu. Alikuwa ameolewa Ihembe miaka sita na hakuna aliyemwambia kwamba kiganja nacho kinahamishwa. Akaweka tena. Samahani. Akaweka cha mtoto, ambaye hakuwa ameandikishwa popote. Samahani. Mlango ulimwomba radhi mara arobaini na moja, mpaka mgongo wake ukapoa.

Hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeibeba.

"Mzee," Danstan alisema tulipofika lami, "leo ulimwita Mama Nyemo. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Nimwiteje?"

"Kanuni inasema jina lake. Yudita."

"Mimi si mumewe, wala si mwalimu wake wa shule. Mwanamke amefiwa, amekaa mbele yangu na kanga ya msiba, nimwite Yudita kama namtuma dukani?"

Alicheka. "Kanuni haijui kanga ya msiba."

"Basi walioiandika walilelewa na nani?"

Akacheka tena, nikacheka naye huku machozi yananitoka, na hilo jambo likaishia pale. Ninaliandika hapa kwa sababu kila kilichotokea baadaye kilitoka mle.

*

Shirika letu liliitwa Bega. Kabla ya hapo nilikuwa nimechimba chumvi, nimekata mkonge, nimepika kwenye meli ya ziwani, nimelinda maghala ya watu wasionijua jina. Kazi ya uchukuzi ndiyo ya kwanza iliyonipa kitanda cha kurudia.

Chombo chetu tulikiita kofia: nyuzi nyembamba zilizosukwa kama chujio la chai. Unamvika mtu aliyefiwa, unakaa mbele yake umevaa ya pili, unamwita jina lake taratibu ili asipotee, naye anaifikiria ile siku. Kofia inaifuata, inaing'oa kwake, inaileta kwako. Yeye anabaki mwepesi. Anajua mtoto alikufa, kama mimi ninavyojua kwamba babu yangu alikufa kabla sijazaliwa, lakini haumwi. Walijaribu kuzihifadhi siku hizo kwenye mashine, haikuwezekana. Zikikaa humo siku mbili zinachacha kama togwa, anayeonja anapata kizunguzungu tu. Zinataka damu na usingizi wa mtu. Kwa hiyo tulitafutwa sisi sita, wazee wasio na familia, maana kichwa chenye watoto wake, walisema, kinachanganya.

Siku ilikuwa ya kuazima: tuliwaonjesha wakubwa wenye uwezo wa kubadili mambo, nao wakaumia kama aliyefiwa. Kazi ikiisha inarudishwa kwa mwenyewe, akitaka. Wengi hawakutaka.

Onjo la kwanza la mzigo ule lilifanyika Dodoma, ukumbi wa juu, saa tatu asubuhi. Walikuwa watu saba: wakuu watatu wa mifuko ya misaada ya ng'ambo, wabunge wawili, mama mmoja mwenye viwanda, na mzee mmoja ambaye babu yake aliijengea shule nusu ya mkoa. Walivaa kofia zao, nikavaa yangu katikati yao. Dakika kumi na moja. Nilisikia migongo yao ikipinda. Nilisikia mama mwenye viwanda akianza kuweka kiganja hewani, tena na tena, kama mtu anayetafuta ukuta gizani.

Ilipoisha walivua kofia mmoja mmoja. Yule mzee aliomba maji.

Mkurugenzi wetu, Bi Namsifu Mrutu, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa muuguzi kabla ya kuanzisha Bega, na mpaka siku hiyo alikuwa anasimama kama muuguzi, mikono imekunjwa, anatazama rangi za nyuso. Aliwaacha wapumue, ndipo akasema:

"Sitaki mtujengee zahanati. Nimejengewa zahanati arobaini. Nimegawa vyandarua na magodoro miaka kumi na minane, na kila mwaka nawakuta watu walewale kwenye foleni ileile. Nataka mlango ule ufunguke kwa kiganja chochote, nchi nzima, kwa sheria. Hilo haligawiwi kwenye gari. Hilo linataka nyinyi."

Wabunge wale wawili ndio walioupeleka muswada. Mifuko ile mitatu ililipia wanasheria na mikutano. Nilikuwa nimeona mashirika mengi katika kutembea kwangu, yanakuja na bango na kuondoka na picha. Hili lilikuwa la kwanza nililoliona linasukuma ukuta wenyewe na ukuta unasogea.

Ila nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu.

Mzigo ulikuwa mkubwa mno. Nilipolala nilimwona Nyemo akiota meno. Nilimwona amekasirika kwa sababu ameambiwa asile udongo. Nilijua harufu ya utosi wake akiwa na wiki mbili. Asubuhi moja alikuwa anawalisha vifaranga makombo ya ugali na kumgombeza jogoo, "Wewe umeshakula, ondoka, huna haya!" na kiuno ameshika kama bibi yake. Hayo hayakuwa ya siku ya mlango. Yalikuwa miaka minne mizima.

Nilitakiwa kuripoti siku ileile. Lakini mimi nilikuwa mtu wa miaka sitini na tisa ambaye hakuna aliyewahi kumkimbilia akitoka kazini. Nyemo alikuwa ananikimbilia. Ananiita mama, ndiyo, lakini ananikimbilia. Nikanyamaza. Miezi saba nikaonjesha siku moja na kujifichia zilizobaki.

*

Walikuja wenyewe, Jumatatu saa nne, wanawake wawili na kikapu. Nilikuwa nafagia baraza ya ofisi. Yule mkubwa nilimtambua kabla hajafika langoni, nikaacha ufagio na kupiga hatua mbili kumpokea mama mkwe ambaye si wangu.

"Mbukwa," alinisalimu Kigogo, macho makali. Huyo ndiye Bibi Nhembo, mama mkwe wa Yudita. "Wewe ndiye uliyemkalisha kwenye kigoda."

"Ndiye mimi, mama."

"Mlituambia mtamtoa siku. Mbona mmemtoa mtoto?"

Yudita alikuwa nyuma yake. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyeonana naye mara moja kituoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa mzima. Hilo lilinitisha kuliko kilio.

Bi Namsifu alituingiza wote ofisini kwake, akamwita na Danstan. Bibi Nhembo alikataa kiti, akakubali, akaeleza.

Siku ya tatu baada ya sisi kuondoka, jirani alipita uani akaita, "Mama Nyemo, hodi!" Yudita akaendelea kutwanga. Akaitwa tena. Akamuuliza mama mkwe, huyo anamtafuta nani? Walidhani ni utani wa huzuni. Wakamwonyesha gauni dogo la njano. Akauliza ni la mtoto wa nani, akalikunja vizuri, akalirudisha. Basi Bibi Nhembo akapiga marufuku. Akaambia nyumba nzima na majirani, jina lile lisitajwe tena mbele ya huyu, tusije tukamvunja. Wamwite Yudita.

"Na mimi nikaona wananifukuza," Yudita alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Miaka sita nipo pale. Ghafla kila mtu ananiita jina la usichana, mpaka watoto. Mwanamke akiitwa hivyo nyumbani kwa mumewe, anasubiri nini? Anasubiri kurudishwa kwao. Nikafunga nguo zangu. Mume wangu ndiye aliyelia akanieleza. Akasema nilikuwa na mtoto. Akasema alikuwa anafanana na mimi. Nikamsikiliza kama nasikiliza habari za mbali." Akageuka kwangu. "Ni kweli unaye?"

Uso wa Danstan ulikuwa umegeuka kijivu. Aliniuliza polepole nilimwita Mama Nyemo mara ngapi, na nilijua kwa nini anauliza, kwa sababu tulishacheka juu ya jina hilo barabarani. Kofia inamshika mtu kwa jina analoitwa, na inang'oa anachofikiria. Kila nilipomwita Mama Nyemo ili asipotee, alimleta mtoto wake mzima mbele ili aitike. Na kofia ikachukua alicholeta. Nilimwita mara ngapi? Labda mara mia.

Ningemwita Yudita kwa ukavu, kama karani, angekuwa bado na mwanawe. Heshima yangu ndiyo iliyomfuta.

"Ninaye," nilisema. "Wote."

"Tangu lini unajua?" Danstan aliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza."

Bibi Nhembo alitema neno moja la Kigogo ambalo sitaliandika.

Nikamgeukia Bi Namsifu, nikitegemea anigombeze. Alikuwa anatazama meza.

"Nilionja mwezi wa pili," alisema. "Nilitaka kujua kwa nini watu wanaotoka kwako hawatoki kama wanaotoka kwa wachukuzi wengine. Wenzako wana siku. Wewe una mtoto. Anayeonja kwako hamhurumii mwanamke wa Ihembe, anafiwa." Akainua macho kwangu. "Nilijua, nikajiambia nitauliza muswada ukishapita. Sikuuliza."

"Basi mrudishe," alisema Yudita.

"Alhamisi kamati ya Bunge inaonja. Wajumbe ishirini na wawili kwa mpigo. Kumi na wawili nina hakika nao kama wataonja. Bila kuonja nina watano. Ni siku nne tu, mwanangu. Ijumaa asubuhi nakurudishia kwa mikono yangu."

Yudita alifikiri. Nadhani angekubali. Lakini Danstan alikuwa mtu mkweli, na ukweli ukishamfika mdomoni haukurudi.

"Bi Mkurugenzi, mzigo wa siku haushiki. Huu ni wa miaka minne, na umeshaanza kuota mizizi kwa mzee. Kila onjo linaukandamiza ndani. Watu ishirini na wawili kwa mara moja, sijui kama Ijumaa utatoka."

"Hujui, au hautatoka?"

"Sijui. Nikilazimishwa kubahatisha, hautatoka."

Nataka kukiri jambo hapa, kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua: moyo wangu uliruka kwa furaha.

Bi Namsifu alisimama akaenda ukutani. Palikuwa na karatasi pale, zimebandikwa kwa mkono wake. "Tangu Nyemo," alisema, "wamekufa wengine kumi na mmoja kwenye milango hiyo. Kiteto watatu. Hapa jirani wawili. Huyu alikuwa pacha. Sisemi ili nikubane, mwanangu. Nasema kwa sababu nikikaa kimya nitakuwa nimekudanganya mara ya pili."

"Wana mama zao hao?" Yudita aliuliza.

"Wanao."

"Wanawakumbuka?"

Bi Namsifu alilainisha kona ya karatasi moja kwa kidole.

"Nyinyi," Yudita alisema, bila kupandisha sauti, "mlianza kwa kusema kwa niaba yetu. Sawa, hatukujua kusema. Mkaomba kwa niaba yetu. Sawa. Sasa mpaka kulia mnalia kwa niaba yangu. Mimi nimebaki na nini cha kufanya mwenyewe?"

*

Aliomba kuzungumza nami peke yetu. Tulikaa nyuma ya jiko la ofisi, kwenye ngazi, mpishi anasonga ugali ndani na redio inasema bei za alizeti.

"Alikuwaje?" aliuliza.

Nikamwambia. Kwamba alikuwa na kovu gotini la kuangukia jiwe la kusagia. Kwamba hakupenda mlenda na alikuwa anaupaka chini ya kigoda. Kwamba alikuwa anahesabu moja, mbili, nne, na ukimsahihisha anaanza upya, moja, mbili, nne, kwa kiburi. Alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu magotini. Alicheka kwenye mlenda, cheko la adabu, kama unavyochekea mtoto wa mtu.

"Na mwisho?"

"Mwisho mbaya, mwanangu. Ukirudishiwa, utarudishiwa na mlango."

"Unauma?"

"Kila siku kama ya kwanza. Uchungu ungebaki kwako ungeshaanza kuchakaa sasa, ndivyo Mungu alivyopanga. Huu haujachakaa, umetunzwa. Utaupokea mbichi."

Redio ikamaliza bei.

"Baba," akasema, "wewe ungetaka nifanye nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kumtendea ubaya mkubwa kuliko wa kwanza. Ningesema, waache watoto wengine waokoke, mwanangu, wewe bado kijana utazaa. Lingekuwa neno la busara. Wazee wangeitikia. Na lingekuwa uongo, kwa sababu sikuwa nawafikiria watoto wengine hata kidogo. Nilikuwa namfikiria anayenikimbilia.

"Mimi usiniulize," nilimwambia. "Nataka kubaki naye."

Alinitazama sana. Kisha akainuka, akapangusa kanga.

"Basi inatosha," alisema. "Nirudishieni leo. Alhamisi nitakwenda mwenyewe mbele ya hao waheshimiwa, na mdomo wangu. Wakitaka kusikia watasikia."

Bi Namsifu alimwambia ukweli: mdomo hautoshi. Alikuwa amepeleka midomo Bungeni miaka kumi na minane. Waheshimiwa wanatikisa kichwa, wanakunywa maji, wanaita anayefuata. Yudita akasema anajua. Bi Namsifu angeweza kukataa. Funguo za chumba cha kofia zilikuwa mfukoni mwake, na karatasi kumi na moja zilikuwa ukutani. Alisimama na funguo mkononi muda mrefu. Kisha akampa Danstan, akatoka nje, akaenda kukaa ndani ya gari na vioo vimefungwa.

Tulianza saa nane mchana. Aliyekuwa anaita ni Bibi Nhembo, maana mimi sikuaminiwa tena kuita. Nilimwona Nyemo akiondoka kwa kurudi nyuma: mlango kwanza, kisha homa, kisha miguu ikifupika, kisha kutambaa. Kila kilichotoka kiliacha mahali pake baridi. Mwanzoni kabisa, kwenye mgongo kupoa, Yudita mbele yangu alitoa sauti iliyomfanya mpishi aache mwiko aje mbio.

Kofia inachukua unachoachia. Danstan alinionya: usishike, mzee. Nikaachia vyote. Ila ile asubuhi ya vifaranga, ilipofika zamu yake, niliishika. Haikuchukua hata sekunde mbili. Danstan alisoma kioo chake akasema, safi, umetoka wote.

Yudita alifumbua macho. Akapeleka mikono nyuma ya mgongo wake, taratibu, akaikuta mitupu, ndipo alipolia kama mwenyewe.

Sikumwambia.

*

Alhamisi Yudita alizungumza mbele ya kamati kwa dakika tisa. Alipewa kumi. Mjumbe mmoja alilia, wawili walikuwa wanasoma simu. Kura zilikuwa tisa kwa kumi na tatu, na muswada ukaanguka.

Sheria ilipita miaka mitatu baadaye, kwa njia nyingine. Baada ya Yudita kusema, wanawake wa Nzogole na Ihembe walianza kukaa milangoni kwa zamu, kila kata na wake, mwenye kiganja kinachofunguka anamfungulia asiye nacho. Serikali iliwakamata, ikawaachia, ikawakamata, ikachoka. Sheria iliandika tu walichokuwa wanafanya.

Kati ya Alhamisi ile na sheria walikufa watoto kumi na tisa milangoni. Bi Namsifu aliwabandika wote ukutani. Alijiuzulu mwaka uliofuata kura, akarudi uuguzi kwenye hospitali ya misheni huko Same. Hakuwahi kusema kama alifanya vizuri kutoa zile funguo, wala kama alifanya vibaya. Alifariki kwa presha.

Bega lilifungwa. Mifuko ya ng'ambo iliondoka ndani ya miezi miwili. Wachukuzi wenzangu wanne walirudisha mizigo yao kwa waliokubali kuipokea. Wa tano, ambaye wenye mizigo walikataa kuipokea, alikufa nayo.

Danstan alichoma kofia na sasa anatengeneza pampu za maji.

Bibi Nhembo ni marehemu. Yudita na mumewe wana watoto wengine wawili wa kiume. Mkubwa, Danstan aliniambia, hapendi mlenda. Yudita hajawahi kunijibu barua, na simlaumu. Sikuandika ndani yake kile nilichopaswa kuandika.

Mimi niko Kiteto, nalinda josho la ng'ombe. Watu huja siku mbili kwa wiki; siku zilizobaki Nyemo huwalisha vifaranga makombo na kumgombeza jogoo, na mimi namtazama.